Bibi aliyekataa sindano ya tatu: ugonjwa wa makula na hatari ya damu kuganda

Kisa hiki kimetoka katika kliniki ya macho ya hospitali moja jijini Mwanza. Jina la mgonjwa, kisiwa anakotoka na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa matibabu yamebadilishwa ili asitambulike. Yeye na binti yake waliridhia kisimuliwe. Kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na madaktari wanaowahudumia wazee wenye ugonjwa wa makula huku Kanda ya Ziwa, kwa sababu kinagusa swali linalosikika mara kwa mara kwenye benchi la kusubiria: je, sindano ya jicho inagandisha damu?

Historia ya mgonjwa

Tumwite Bibi N. Ana miaka 76, ni mjane, na ameishi maisha yake yote kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi alinunua dagaa kwa wavuvi alfajiri, akawaanika, akawauza kwa wachuuzi waliovuka kwenda soko la Mwaloni, Kirumba. Jicho lake la kulia lilipoteza uono wa katikati zamani. Huko nyumbani aliambiwa ni mtoto wa jicho, akakaa akisubiri upasuaji. Hata kama angepasuliwa, asingeona tofauti kubwa: tulipompima tulikuta kovu pana kwenye makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunayoitegemea kusoma, kutambua sura za watu na kutunga uzi.

Jicho la kushoto ndilo lililomleta kwetu. Kwa wiki tatu miimo ya mlango ilionekana imepinda, na vichanja vya kuanikia dagaa vilionekana vinapanda na kushuka kama maji. Mgonjwa akisema kitu kilichonyooka anakiona kimejikunja, asipangiwe tarehe ya mwezi ujao. Mtoto wa jicho huleta ukungu tu, mlango hubaki umenyooka.

Alikuwa na presha iliyojulikana kwa zaidi ya miaka 10. Alipewa amlodipini ya miligramu 5, lakini alikuwa anaimeza siku ambazo kichwa kinamuuma. Hakuwa na kisukari wala hakuwahi kuvuta sigara. Kwenye fomu ya kliniki, mbele ya swali "Umewahi kupata kiharusi?", alama iliwekwa kwenye hapana.

Mambo yalivyotokea

Siku ya kwanza jicho la kushoto lilisoma 6/36, yaani liliona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 36. La kulia liliweza kuhesabu vidole tu. Nyuma ya jicho la kushoto kulikuwa na uvimbe wa kijivu wenye damu pembeni, na kipimo cha OCT, picha ya matabaka ya retina, kilionyesha maji chini ya retina. Huo ni ugonjwa wa makula wa uzeeni wa aina ya maji: mishipa mipya na dhaifu huota chini ya retina, ikavujisha maji na damu. Kwa watu wa asili ya Kiafrika aina hii si ya kawaida kama ilivyo kwa Wazungu, na tunapoiona ni lazima tufikirie pia ugonjwa mwingine unaofanana nao, ule wa mishipa yenye vifundo, ambao hupenda kumwaga damu nyingi kwa mpigo. Kwa vifaa tulivyokuwa navyo hatukuweza kutenganisha hayo mawili kwa uhakika. Dawa ya kuanzia ni ileile.

Dawa hiyo ni ya kuzuia VEGF, protini inayoichochea mishipa kuota. Tulitumia bevasizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, kisha madaktari wa macho wakaona inafaa kwao pia. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho. Jicho hupewa miligramu 1.25, na kwa kawaida huanza na sindano tatu, moja kila mwezi.

Presha ya Bibi N. siku hiyo ilikuwa 178/96. Baada ya kupumzika ikawa 168/94, na kwenye faili ikaandikwa kwamba ni hofu ya hospitali. Sindano ya kwanza ilitolewa wiki hiyohiyo, ya pili baada ya wiki nne, presha ikiwa 172/90. Uono ulipanda hadi 6/18.

Siku 10 baada ya sindano ya pili, akiwa kisiwani anakoroga uji, mwiko ulimponyoka. Mkono wa kulia ukalegea. Alitaka kumwita mjukuu, yakatoka maneno yasiyoshikamana. Baada ya kama nusu saa kila kitu kilirudi. Ziwa lilikuwa limechafuka na vyombo havikuvuka siku hiyo, na kesho yake aliamka mzima, basi hakwenda popote. Lakini nyumba nzima ilikwisha kuamua sababu: ni ile sindano ya jicho.

Siku ya sindano ya tatu

Walikuja siku waliyopangiwa, na hilo ndilo lililomwokoa. Wangeweza kubaki nyumbani tusijue lolote.

"Shikamoo, bibi," muuguzi alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu."

Binti akadakia: "Sista, tumekuja kuaga tu. Sindano basi. Ya pili ilitaka kumpooza mama."

Muuguzi hakubisha wala hakuanza kuitetea dawa. Aliwatoa kwenye foleni, akawaketisha chumba cha kupimia uono, akamwomba bibi mwenyewe aielezee siku ile tangu alipoamka. Bibi akaeleza, kisha bila kuulizwa akaongeza: "Ule wa mwaka jana ulikaa zaidi." Mwaka uliotangulia, msimu wa mvua, mkono huohuo ulikufa ganzi tangu magharibi hadi usiku, sufuria ikamwanguka. Wakati huo hakuwa amewahi kuchomwa sindano yoyote ya jicho.

Muuguzi alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kwa vidole dakika nzima. Hayakuwa na mpangilio: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu, kimya tena. Mashine ya presha ilikuwa imetoa namba ya mapigo kila alipokuja, namba isiyo na tatizo lolote, nasi tukawa tunainakili.

Hakuchomwa sindano siku hiyo. Alipelekwa kwa daktari wa magonjwa ya ndani kabla jua halijazama. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha fibrilesheni ya atiria: vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kukaza, damu hutuama kwenye kipembe cha chumba cha kushoto, huganda, na bonge likichomoka hufuata mkondo wa damu hadi kwenye ubongo. Linaweza vilevile kuziba ateri ya retina, na ndiyo maana mzee anayesema pazia jeusi lilishuka kwenye jicho moja likapanda tena anahitaji kupimwa moyo na mishipa ya shingo kabla ya kupimwa miwani. CT skani ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja. Ilionyesha alama ndogo ya kiharusi cha zamani upande wa kushoto wa ubongo, upande unaotawala mkono wa kulia na, kwa watu wengi, usemi. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kwamba valvu ya mitrali haikuwa imesinyaa ikawa nyembamba, na figo zake zilikuwa zinafanya kazi vizuri.

Uamuzi na sababu zake

Jopo lilikutana: daktari wa macho, daktari wa magonjwa ya ndani, mfamasia na muuguzi yuleyule.

Kwanza, ni dawa gani ya kuzuia damu isigande. Kwa umri wake, jinsia, presha na kile kiharusi cha kupita (dalili za kiharusi zinazorudi zenyewe), Bibi N. alipata alama 6 kwenye CHA2DS2-VASc, kipimo cha kukadiria hatari ya kiharusi kwa mwenye fibrilesheni ya atiria. Mgonjwa wa alama hizo asipotibiwa, hatari ya kiharusi ni takriban watu 10 kwa kila 100 kwa mwaka. Warfarini huipunguza kwa karibu theluthi mbili; aspirini peke yake hupunguza kama sehemu moja ya tano tu, kwa hiyo wazo la "tumpe aspirini kwanza tuone" liliwekwa kando. Dawa mpya zisizohitaji kupima damu kila mara zingemfaa mno mtu anayeishi ng'ambo ya maji. Mfamasia aliwapigia familia hesabu ya mwezi, wakaangaliana. Dawa hizo zikikosekana siku mbili kinga imekwisha, na wao walijua kwamba kuna miezi pesa hazitatosha. Ikachaguliwa warfarini, kwa sharti kwamba bibi ahamie kwa binti yake mjini hadi INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, itulie kati ya 2 na 3. Presha ilipewa amlodipini ya miligramu 10 pamoja na losatani, kumezwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Pili ndipo mjadala ulipokuwa mrefu. Mmoja wetu aliuliza: "Tutampaje dawa ya kulainisha damu, na jicho lenyewe linavuja damu?" Mwingine akasema sindano za jicho zikomeshwe kabisa, maana familia haizitaki na dawa yenyewe ina onyo la mabonge ya damu. Kila hoja ikisikilizwa peke yake ina mantiki. Ukiziunganisha unapata njia mbaya kuliko zote: mishipa ile dhaifu inaachwa iendelee kukua bila kuzuiwa, huku damu inayopita ndani yake imelainishwa. Inajulikana kwamba wenye ugonjwa huu wanaotumia warfarini, wakivuja damu chini ya retina, damu huwa nyingi zaidi. Ulinzi tulionao dhidi ya hilo ni kuikausha mishipa yenyewe na kuichunga INR isipite 3. Kwa hiyo warfarini iliifanya sindano iwe ya lazima zaidi kwa jicho lile, ambalo ndilo pekee analoonea.

Tatu, lini. Baadhi ya tafiti kubwa za dawa hizi hazikuwapokea watu waliopata kiharusi karibuni, hivyo ushahidi juu ya wiki za mwanzo ni mwembamba. Tuliamua kusubiri hadi INR iingie kwenye kiwango na presha ishuke chini ya 140/90, kisha tuendelee. Bibi alipewa karatasi ya miraba ya Amsler aibandike ukutani, aitazame kila asubuhi kwa jicho la kushoto, na mistari ikizidi kupinda aje bila kungoja tarehe.

Tulifikiria pia kubadili dawa. Ranibizumabu huondoka kwenye damu ndani ya saa chache, ilhali bevasizumabu hubaki kwa wiki kadhaa na hushusha VEGF ya mwili kwa kiasi kinachopimika. Kwenye karatasi hiyo ni sababu nzuri ya kubadili. Lakini mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyolinganisha usalama wa dawa hizo mbili mwilini, hayakuonyesha tofauti ya wazi ya vifo wala madhara makubwa, na ranibizumabu hatukuwa na uhakika wa kuipata kila mwezi. Tulibaki na tuliyokuwa nayo.

Ilibaki familia. Daktari hakuwaambia kwamba wamekosea. Aliwaonyesha karatasi ya umeme wa moyo, akawaeleza habari ya bonge la damu, akawakumbusha ule mkono wa mwaka uliotangulia. Akawaambia wazi kwamba hawezi kuapa kuwa sindano haikuchangia hata kidogo, ila chanzo kilichoonekana kipo kifuani. Binti aliomba siku mbili akazungumze na kaka zake. Siku ya pili alipiga simu: "Daktari, wamekubali. Wanauliza tu, mkimchoma, nani atamshika mkono apime yale mapigo?"

Matokeo

Sindano ya tatu ilitolewa kama wiki tano baadaye. Maji yalikuwa yamerudi chini ya retina na uono umeshuka hadi 6/24. Warfarini haikusimamishwa kwa ajili ya sindano: sindano hupita kwenye weupe wa jicho, na kinachotarajiwa kwa aliye kwenye kiwango ni doa jekundu la nje linaloisha lenyewe. Baada ya sindano mbili zaidi alirudi 6/18, na muda kati ya sindano ukaanza kurefushwa taratibu kwa kufuata jinsi retina inavyokaa kavu.

Katika mwaka wa ufuatiliaji hakupata tena kulegea wala kupotewa na maneno. Alipata tatizo jingine. Tumbo lilimsumbua, akanunuliwa metronidazoli duka la dawa la mtaani, na baada ya siku chache fizi zikaanza kutoa damu. INR ilikuwa imepita 5. Warfarini ilisitishwa kwa muda mfupi, INR ikashuka, jicho halikuvuja. Metronidazoli huzuia ini lisiivunje warfarini, na hakuna aliyemwambia muuza dawa kwamba bibi anatumia warfarini, kwa kuwa kadi ya warfarini ilikaa kabatini pamoja na kadi ya jicho.

Jambo la mboga za majani, ambazo hupunguza nguvu ya warfarini, pia lilileta fujo. Jirani alimwambia aache majani yote, naye amekulia kwenye mchicha, matembele na nsansa. Aliacha kwa wiki mbili, INR ikapanda. Akachoka, akarudia kwa wingi, ikashuka. Mfamasia ndiye aliyelituliza: ale mboga zake kama alivyozoea, kiasi kilekile wiki hadi wiki, na dozi ifuate chakula chake.

Uchambuzi

Je, sindano ndiyo iliyoleta lile bonge? VEGF haifanyi kazi ya kuotesha mishipa pekee. Huisaidia pia ngozi ya ndani ya mishipa kutoa viini vinavyoiacha iwe wazi na kuzuia chembe za damu zisishikamane. Ukiizuia mwili mzima, presha hupanda na mabonge huongezeka, kama inavyoonekana kwa wagonjwa wa saratani. Lakini mgonjwa wa saratani mwenye kilo 60, kwa dozi ya miligramu 5 kwa kilo, hupewa miligramu 300. Jicho lilipewa 1.25.

Tafiti za macho zinatoa picha inayotaka kusomwa kwa utulivu. Katika utafiti wa MARINA, uliochapishwa mwaka 2006, matukio ya mishipa kama kiharusi na mshtuko wa moyo kwa miaka miwili yalikuwa takriban 4.6 kwa kila 100 kwa waliopata ranibizumabu, na 3.8 kwa kila 100 kwa waliopata sindano ya kuigiza. Tofauti hiyo ni ndogo na haikuthibitisha lolote. Ninachoomba msomaji akiangalie ni hao 3.8 ambao hawakupata dawa. Wazee wenye ugonjwa wa makula wana umri, presha na mishipa migumu; kiharusi kilikuwa kinawanyemelea kabla hawajaingia kliniki yetu. Kwa Bibi N. ushahidi umeegemea moyo: mapigo yasiyo na mpangilio, tukio la mwaka uliotangulia, alama ya zamani kwenye CT. Huenda dawa iliongeza kidogo. Presha ya juu iliyoachwa bila kushughulikiwa tangu sindano ya kwanza huenda iliongeza zaidi.

Hapo ndipo huduma ilipokwama, kabla hata ya dawa. Namba ya presha ilionekana mara mbili, haikupelekwa kwa mtu yeyote wa kuitibu. Fomu iliuliza ugonjwa badala ya kuuliza yaliyotokea. Mtu ambaye mkono wake ulirudi usiku uleule haoni kwamba aliwahi kuugua kiharusi. Na kabla ya sindano ya kwanza alielezwa mengi juu ya maambukizi ndani ya jicho, hakuelezwa kabisa dalili za mwilini za kuripoti, wala hakupewa namba ya kupiga. Kwa hiyo mkono ulipolegea, familia ilibaki na maelezo yake yenyewe. Kwa kiharusi cha kupita, siku mbili za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Bibi N. alizipitia kisiwani bila kidonge chochote, akanusurika.

Kilichofaa kuliko vyote ni namna muuguzi alivyopokea kukataa kwao. Angewaandikia "wamekataa matibabu" na kuwasainisha, faili lingekuwa safi na mgonjwa angerudi kisiwani na bonge jingine likijiandaa. Kukataa kulichukuliwa kama dalili ya kuchunguzwa. Vipimo vingine vyote vilifuata baada ya dakika ile moja ya vidole kwenye mkono wa mgonjwa, kipimo ambacho kituo cha afya kisicho na umeme kinaweza kukifanya.

Kuhusu zile wiki tano za kusubiri, jopo halikukubaliana hata baada ya matokeo mazuri. Mimi naona zilizidi. INR ilikuwa imeingia kwenye kiwango mapema zaidi, lakini kliniki ya moyo na ya macho ziko siku tofauti, na majibu yalisafiri mkononi mwa binti aliyelazimika kufunga biashara kila alipokuja. Jicho pekee la mtu lilipoteza mstari wa kusoma kwa sababu ya ratiba. Daktari wa magonjwa ya ndani anashikilia kwamba baada ya kiharusi cha kupita angependa hata muda mrefu zaidi.

Sasa kabla ya sindano ya kwanza tunauliza hivi: umewahi kudondosha kitu ghafla, mdomo kupinda, maneno kukataa kutoka, au jicho kuingia giza, hata kwa dakika chache? Mapigo yanashikwa kwa mkono, dakika nzima, kila ziara. Presha ya 160 au zaidi ikirudiwa mara mbili, mgonjwa anavuka korido siku hiyohiyo hadi kwa daktari wa magonjwa ya ndani, na sindano ya jicho hairushwi kwa sababu hiyo pekee isipokuwa presha imefika 180/110. Kadi imekuwa moja kwa dawa zote, na namba ya simu ya kliniki imeandikwa mbele yake kwa tarakimu kubwa.